Mfikicho wa Plamu

Hadithi, hadithi! Mnajua la kuitikia: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Leo uongo ubaki nje barazani, sina kazi nao. Nautaka huo utamu tu, na nautaka ukolee mpaka vidole vinate.

Lakini kisa chenyewe kilianza kwa hasara.

Ilikuwa Januari, nami nilikuwa nimepanda Mlalo kumwona mama yangu. Wajukuu wanamwita Bibi, mtaa mzima umeiga, basi nami humu nitamwita hivyo hivyo. Kama hamjafika Mlalo, ingieni kwenye basi twende, nauli juu yangu. Tunaanzia Mombo, chini kabisa, kando ya barabara kuu iendayo Arusha. Pale jua halina huruma, na muuza maji ndiye rafiki wa kila mtu. Kisha basi linaipa barabara kuu kisogo na kuanza kupanda. Kona, kona, kona nyingine. Upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo ambalo ni bora usilichungulie kama ndiyo kwanza umekula. Soni kuna maporomoko ya maji, na kabla gurudumu halijatulia watoto wamekwisha kuinua vikapu na vindoo hadi madirishani: plamu! pichesi! peasi! Hewa imebadilika. Yule abiria aliyekuwa akijipepea kwa gazeti kule Mombo sasa anapekua begi akitafuta sweta.

Tunafika Lushoto mjini baada ya kilomita 30 na ushei, na hapo tuko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wageni wengi wanashuka. Sisi bado. Tunaendelea kaskazini kilomita nyingine 30 hivi za kutikiswa, mpaka bonde linafunguka na Mlalo inaonekana: nyumba za zamani za ghorofa, zenye roshani za mbao zilizochongwa, zimebanana mlimani kama wanafunzi kwenye picha ya darasa, wa nyuma wamesimama na wa mbele wamechuchumaa. Mto Umba unazaliwa kwenye milima hii, ukateremka mpaka Bahari ya Hindi upande wa Kenya. Ukikutana na mzee njiani asubuhi, hata kama Kishambaa hukijui, sema "onga makeo" uone uso wake utakavyokunjuka.

Nyuma ya nyumba ya Bibi ipo miplamu minne, mpichesi mmoja uliozeeka, na mpeasi ambao kila mwaka unatishiwa shoka na kila mwaka unasamehewa. Mtoto wa Tanga mjini angeuliza: mbona kwetu miti hii haipo? Swali zuri, na jibu lake ni usingizi.

Mplamu ni mti wa nchi za baridi. Kule kwao msimu wa theluji ukikaribia, unapukutisha majani yote na kulala. Umelala, lakini ndani ya machipukizi yake kuna kitu kama saa, nacho kinahesabu baridi, siku baada ya siku. Hesabu ikitimia, mti unajua kwamba majira mabaya yamepita, unaamka, unachanua. Isipotimia, mti unaduwaa. Unachanua tawi hili, unasahau lile, au unatoa majani tu na kivuli. Pwani baridi ya kuhesabu haipo. Mlalo ipo, kuanzia Juni hadi Agosti, wakati ukungu unaingia mpaka chumbani na watoto wanagombania kukaa karibu na jiko. Sababu ni ule mlima tulioupanda kwa basi: kila mita 1,000 unazokwenda juu, hewa hupoa kwa nyuzi 6 au 7. Fanyeni hesabu wenyewe, mtaona Mlalo ina upungufu wa nyuzi kama 9 hivi ukiilinganisha na Tanga. Kwa mplamu, upungufu huo ndio godoro.

Basi miti hii ni migeni hapa, kama ilivyokuwa mihindi kabla yake. Pichesi, ambalo vitabu huliita fyulisi, asili yake ni China. Wazungu walilipata kwa kupitia Uajemi, wakadhani huko ndiko kwao, na mpaka leo jina lake la Kilatini ni Prunus persica, tunda la Uajemi. Jina la kusingiziwa, lakini limeshika. Mlalo nayo ilipata jina la kubandikwa: mwaka 1891 wamisionari wawili wa Betheli kutoka Ujerumani, Ernst Johanssen na Paul Wohlrab, walifungua kituo chao hapa wakakiita Hohenfriedeberg. Jaribu kulitamka ukiwa na plamu mdomoni. Lushoto mjini ikaitwa Wilhelmstal. Wajerumani wakawa na shamba la majaribio Kwai, kwenye milima hii hii, wakijaribu mimea na ng'ombe wa Ulaya. Mwaka 1902 wakaanzisha kituo kikubwa cha utafiti wa mimea huko Amani, Usambara ya mashariki. Matunda ya baridi yalipata makao Usambara katika enzi hizo. Majina yale yamefutika kwenye vibao. Miti haikufutika, kwa sababu watu waliila.

Wala si ajabu. Milima hii ina historia ndefu ya kumpokea mgeni anayekuja na chakula mkononi. Wazee wa Kishambaa husimulia habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu akiwa na mbwa wake, amefukuzwa na ndugu zake mwenyewe. Alifika Usambara hana kitu ila nyama ya mwituni. Wenyeji walikuwa na chakula cha shambani tele, ila kitoweo hakuna. Wakabadilishana, nyama kwa chakula, leo na kesho, mpaka mwindaji akawa mkwe, na mkwe akawa mfalme, Vugha ikawa makao yake, na ukoo wake ndio Wakilindi. Kisa hicho kinahitaji jioni yake peke yake. Mimi nakitaja kwa sababu kila nikimwona Bibi akipalilia mplamu nautazama mti na kusema moyoni, Mbegha mwingine huyu.

Turudi kwenye hasara.

Mnunuzi alifika saa 12 asubuhi na kreti zake. Bibi alikuwa amechuma tangu jana yake, ndoo tatu zimejaa, plamu nyekundu zenye vumbi jeupe lile ambalo ukilipangusa kwa kidole tunda linang'aa. Mnunuzi hakuangalia rangi. Alikuwa anabonyeza. Kidole gumba chake kilikuwa kama cha daktari anayetafuta jipu. "Hii imebonyea. Hii laini. Hii haifiki Dar." Akaziweka kando moja moja, Bibi akimtazama tu, mpaka kando pakawa na rundo.

Ningependa kuwaambia kwamba yule bwana alikuwa mwizi, hadithi ingenoga. Lakini alikuwa anasema kweli. Plamu ikianguka au ikibanwa, vyumba vyake vidogo vya ndani hupasuka, maji yake hukutana na hewa, na hapo ndipo lile doa la kahawia linapoanzia. Halafu tunda linaloiva hutoa gesi, ethilini, isiyoonekana, inayoyaambia matunda ya jirani: iveni, iveni! Ukilifungia tunda moja bovu ndani ya kreti, likasafiri usiku kucha likishuka kona zote zile mpaka joto la Mombo na kuendelea hadi Dar es Salaam, asubuhi kreti nzima inanuka pombe. Samaki mmoja akioza huoza wote, na plamu ni samaki wa milimani.

Zilizokataliwa zilijaza sado moja na nusu. Sado mnaijua: kopo la rangi la lita 4. Rangi yenyewe ilikwisha zamani, kopo likabaki kuwa mizani ya soko zima.

"Mpeni ng'ombe," akasema Bibi, akaingia ndani. Nikajua ameumia, maana Bibi huwa hatupi hata maganda ya ndizi bila kuyatafutia kazi.

Watoto wa kaka yangu walikuwa watatu pale. Binti wa darasa la 6, mwenye kuuliza kila kitu. Mdogo wake wa darasa la 4, mwenye kujibu kila kitu. Na kitinda mimba, wa chekechea, ambaye tayari alikuwa na plamu mbili mashavuni, moja kila upande.

"Shangazi, si tupike jamu?" akauliza binti.

Wazo zuri, na wapo wanaolifanyia kazi vizuri sana. Shamba la Irente, karibu na Lushoto mjini, huuza jamu na jibini. Masista wa Montessori pale Ubiri vilevile hutengeneza jamu. Lakini jamu inakula sukari. Ukitaka ikae miezi bila kuharibika, sukari inakaribia kulingana uzito na matunda yenyewe. Sisi tulikuwa na kilo moja ya sukari ndani ya nyumba, na Bibi hanywi chai ya kubahatisha.

"Tutapika kitu kingine," nikasema. "Leteni unga wa ngano."

Kitu hicho nilijifunzia jikoni, katika nyumba ya wageni moja huko Lushoto mjini, nilipokuwa msichana wa kuosha vyombo. Mpishi alikiita kramble. Matunda chini, chengachenga za unga, siagi na sukari juu, ndani ya oveni, basi. Hakuna mayai, hakuna hamira, hakuna kukanda wala kusukuma. Nilidhani anafanya uvivu. Baadaye nikasoma kwamba Waingereza walikipenda sana wakati wa Vita Kuu ya Pili. Januari 1940 serikali yao ilianza kugawa vyakula kwa kipimo, siagi na sukari vikiwa miongoni mwa vya kwanza, na kwa muda mrefu mtu mmoja alipata siagi gramu 57 hivi kwa wiki nzima. Huwezi kupika mkate wa matunda wenye ganda chini na juu kwa kipande kama hicho. Ila ukiifikichia siagi yako kidogo ndani ya unga na kuinyunyiza juu tu, familia itafumba macho na kusema imekula. Wajerumani nao wana chenga zao za namna hiyo hiyo, Streusel, neno linalotokana na kunyunyiza. Kama wale wamisionari wa Hohenfriedeberg waliwahi kunyunyiza chochote hapa Mlalo, hawakumwachia Bibi.

"Sasa kwa Kiswahili kinaitwaje?" Binti yule tena.

Mdogo wake akajibu hapo hapo: "Makombo."

Tulicheka, lakini hakuwa amekosea sana. Neno la Kiingereza linatokana na chembe za mkate zinazodondoka mezani. Tatizo ni kwamba makombo kwetu ni masalia ya mlo wa mtu mwingine, na hakuna anayeitwa mezani kula makombo akaja anakimbia. Nikawaambia wasubiri, mikono yao italipata jina.

Tukaosha plamu. Zilizooza kweli, zenye harufu ya chachu au ukungu mweupe, hizo zilikwenda kwa ng'ombe kama Bibi alivyosema. Msichanganye mambo hapa: iliyobonyea ni tunda lililoumia, iliyooza ni tunda lililokufa. Iliyobonyea unaikata doa, inayobaki ni tamu kuliko ngumu zote zilizokwenda Dar, kwa sababu ilikuwa imeiva mtini, nalo jua la siku tatu za mwisho ndilo linalotia sukari. Mimi na binti tulishika visu; wadogo walibandua kokwa kwa vidole. Kokwa msizipasue kula kiini chake, hata kama kinanukia vizuri. Viini vya plamu na pichesi vina kitu ambacho kikisagika tumboni hutoa sumu ya sianidi. Kitinda mimba alisikiliza jambo hilo kwa makini sana, kisha akaanza kuzihesabu kokwa zake mbili za asubuhi kuhakikisha zote zilitoka.

Tulipata kilo moja hivi kwa sufuria ya kwanza. Tukaikatakata, tukaimwagia vijiko 4 vya sukari, kijiko 1 cha unga, na mdalasini wa kunusisha tu. Mdalasini ulitoka Muheza, upande wa Amani, ambako viungo hukua kama magugu. Kile kijiko cha unga msikisahau. Plamu zikipata moto hutoa maji mengi, na unga ndio unaoyashika yakawa mazito badala ya kuwa mchuzi.

Ndipo tukafika kwenye kazi ya mikono. Bakuli kubwa, vikombe 2 vya unga wa ngano, chumvi kidogo ya kubana kwa vidole viwili. Juu yake siagi ya kopo, nusu kikombe. Kama unayo mizani, kumbuka sehemu 2 za unga, 1 ya siagi, 1 ya sukari, lakini sukari tunaitia mwisho.

"Haya, fikicheni."

Hakuna aliyeuliza maana yake. Hilo ndilo lililonifurahisha siku ile. Yule mpishi wa Lushoto alinieleza kazi hii kwa dakika 10 na bado niliikosea. Hawa watoto wamefikicha macho kila asubuhi, wamefikicha kola za sare kila Jumamosi, wamefikicha masuke ya nafaka viganjani na kupuliza makapi. Ncha za vidole zikaingia ndani ya unga, zikainua, zikafikicha, zikaachia. Siagi ikawa inapotea machoni. Unga ukageuka kutoka weupe wa chokaa kwenda unjano hafifu, ukaanza kufanana na mchanga mbichi wa mtoni.

"Mfikicho!" akasema kitinda mimba, na jina likapatikana.

Wakati wanafikicha niliwaeleza kinachotendeka humo. Unga wa ngano una protini ambazo zikipata maji na kukandwa hushikana mikono na kuwa nyuzinyuzi. Ndiyo sababu chapati huvutika na maandazi huumuka bila kupasuka. Hapa hatutaki zishikane. Siagi inazivisha makoti ya mvua, kila chembe na koti lake, maji yakija hayapenyi. Chapati inataka urafiki, mfikicho unataka kila mtu akae kwake. Lakini siagi ikiyeyuka, makoti yote yanakuwa shuka moja lililolowa, unapata donge. Kwa hiyo ni ncha za vidole tu, viganja vina joto. Hapo Mlalo ina bahati kuliko pwani. Asubuhi yetu ni ya baridi hata Januari, siagi ya kopo inakaa imeshikamana bila friji. Tanga ningewaambia mfanye kazi alfajiri.

Sukari nusu kikombe iliyojaa ikaingia, ikachanganywa kwa uma. Binti akaongeza konzi moja ya karanga zilizotwangwa nusunusu, bila ruhusa. Nilimwacha, na nyinyi nawashauri mumwige.

Sasa moto. Oveni Bibi hana, na nyumba nyingi hapa hazina. Lakini nani alisema Waswahili hawakuoka kabla ya oveni? Mkate wa mchele unaiva vipi? Kwa kupalia makaa: moto chini, moto juu ya mfuniko, chakula katikati kikiwa hakina pa kukimbilia. Tukachukua sufuria kubwa nzito, tukatandaza mchanga mkavu chini unene wa vidole viwili ili joto lisambae, tukaipasha moto dakika 10 ikiwa tupu. Matunda yalikuwa ndani ya sufuria ndogo. Tukayanyunyizia mfikicho juu, bila kukandamiza hata kidogo, tukaitumbukiza sufuria ndogo ndani ya kubwa, tukafunika kwa mfuniko bapa wa bati na kupalia.

Hapa ndipo mimi, mwalimu, niliposhindwa mtihani mbele ya wanafunzi wangu. Nilijaza makaa chini kama ninayepika maharage, juu nikaweka vipande vinne vya kujionyesha. Baada ya nusu saa harufu ikabadilika. Kufunua, juu mfikicho umepauka kama uso wa mgonjwa, chini plamu zimegandamana na sufuria, nyeusi ti. Mvulana wa darasa la 4 akatazama, akasema, "Shangazi, hii sasa ni makombo."

Bibi alikuwa amesimama mlangoni. Hajui kramble, lakini mkate wa mchele ameupika tangu kabla sijazaliwa. "Moto wa juu unapanda juu, unakwenda zake," akasema. "Ukitaka ushuke, uongeze." Hapo ndipo fizikia yote ilipo. Joto la makaa ya chini linapanda kuelekea chakula. La makaa ya juu sehemu kubwa inapotea hewani. Basi makaa mawili juu kwa kila moja la chini. Akajitwika mwenyewe kazi ya moto, mimi nikarudishwa kwenye kukata plamu, cheo changu cha zamani.

Sufuria ya pili tuliisubiri dakika 45, tukibadilisha makaa ya juu mara moja. Matunda yetu yanachelewa kidogo kuliko ya pwani, jueni hilo. Hewa ya milimani ni nyepesi, na maji huku huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Maharage ya Mlalo yanalijua hilo zaidi kuliko mtu yeyote. Hatukuwa na saa ya jiko, ila dalili zipo tatu, na pua ndiyo ya kwanza: inakuja harufu ya siagi na karanga, halafu ya mdalasini. Masikio ni ya pili: sufuria inasema plop, plop, polepole, maana maji ya plamu yamekuwa mazito. Macho yanakuja mwisho, Bibi alipoinua mfuniko kwa koleo, akikwepesha majivu, na tukaona juu pamekuwa kahawia ya dhahabu, na pembeni povu jekundu linapanda likishuka.

Msile hapo hapo. Ni agizo. Sukari iliyoyeyuka ni moto kuliko maji yanayochemka na inang'ang'ania ulimi. Ngojeni angalau dakika 15, na katika dakika hizo maji ya tunda yanaendelea kuganda yenyewe, kwa msaada wa ule unga na wa pektini, gundi ya asili iliyomo ndani ya matunda. Tulingoja nje, tumekaa kwenye ngazi, ukungu ukianza kupanda kutoka bondeni. Ngoja ile ilikuwa ndefu kuliko safari ya kutoka Mombo.

Wageni kule Lushoto walikula na aiskrimu. Sisi tulikula na mtindi wa ng'ombe wa Bibi, na nasema bila aibu kwamba mtindi unaishinda aiskrimu kwa mbali: utamu juu, uchachu wa plamu katikati, uchachu mwingine wa ubaridi pembeni, na zile chenga zikivunjika kati ya meno. Bibi alikula kimya. Alipomaliza akakwangua bakuli, akauliza, kana kwamba anauliza habari za mvua, kama mapeasi nayo yanafaa.

Yanafaa. Plamu zikielekea kwisha, mapeasi yanashika zamu. Ni magumu, yachemsheni kwanza kwa maji kidogo na iliki. Pichesi msizimenye, ganda lina rangi nzuri. Embe zikipanda kutoka nyikani, punguzeni sukari na kamueni limau. Mapera yana mbegu za kuwachosha wageni wenye meno ya bandia, lakini watoto hawajali. Machungwa ya Muheza acheni yanywewe. Na msimu wa baridi, miti ikiwa imelala na sokoni hakuna cha maana, ndizi mbivu zenye madoa meusi, zile ambazo duka linaziuza kwa bei ya kutupa, zinatosha kabisa.

"Kwa hiyo, Shangazi, nzuri zote ni za mnunuzi, sisi zetu ni zilizobonyea tu?" aliniuliza kitinda mimba usiku ule, nilipokuwa namnawisha.

Nilikuwa na usingizi. Nikamjibu bila kufikiri, "Eeh, zilizobonyea zote ni zetu."

Asubuhi nilimsikia Bibi akipaza sauti nyuma ya nyumba. Nikatoka mbio. Kitinda mimba alikuwa chini ya mplamu wa pili, ndoo ya plamu nzima nzima, zile nzuri zilizochumwa kwa ajili ya mnunuzi, iko kando yake. Alikuwa akizichukua moja moja, anainyanyua hadi usawa wa pua, anaiachia juu ya jiwe, pu! Kisha anaibonyeza kwa kidole gumba, anatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa, na kuiweka upande wetu.